KOSA SI KUKOSA: Mafumbo ya snuka yanayowatoa jasho mashabiki wa Kitale na Bungoma

Ukitaka kujua jinsi neno moja linavyoweza kuwagombanisha watu wazima, nenda ukaketi kando ya meza ya snuka mjini Kitale, au kando ya meza ya puli mjini Bungoma, jioni ya Jumamosi. Mchezaji ainame, alenge kwa makini, apige mpira mweupe na mpira huo upite bila kugusa chochote. Papo hapo utasikia nusu ya watazamaji wakipaza sauti, “Amekosa!” Swali ni je, amekosa vipi? Amefanya kosa, ama ameukosa mpira? Katika Kiswahili neno ni lile lile. Katika snuka hayo ni mambo mawili mbalimbali, kila moja lina adhabu yake, na mtu aweza kuyafanya yote mawili kwa pigo moja.

Hapo ndipo ubishi huanzia. Na ubishi wenyewe si wa bure, kwani katika miji hii miwili desturi ni kwamba anayeshindwa ndiye anayelipia meza, na mshindi hubaki mezani kumngoja mwingine. Kwa kijana aliyeshinda tangu asubuhi akibeba magunia ya mahindi Kitale au akiendesha bodaboda kati ya Kanduyi na Bungoma mjini, uamuzi mmoja mbaya aweza kumpotezea nauli ya nyumbani, na wakati mwingine rafiki wa miaka mingi.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kushika fimbo ya mchezo huu, hebu tueleze kwa ufupi. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6 hivi. Juu yake huwekwa mipira 22: mmoja mweupe, ambao ndio pekee unaopigwa kwa fimbo, 15 myekundu ambayo kila mmoja una pointi 1, na sita ya rangi nyinginezo. Manjano ni pointi 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6 na mweusi 7. Mchezaji huanza na mwekundu. Akiutia shimoni, huchagua rangi. Akiitia, rangi hiyo hurudishwa mezani mahali pake, kisha anatafuta mwekundu mwingine. Myekundu ikimalizika, rangi huliwa kwa mpangilio, kuanzia manjano hadi mweusi, na safari hii hazirudi.

Fanya hesabu mwenyewe, wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu. Myekundu 15 ni pointi 15. Mweusi mara 15 ni 105. Rangi sita za mwisho ni 27. Jumla ni 147, na hiyo ndiyo hesabu ambayo kila mcheza snuka duniani huiota usiku. Steve Davis wa Uingereza ndiye wa kwanza kuipata mbele ya kamera za televisheni, mwaka 1982.

KOSA NI NINI HASA

Katika kila zamu upo mpira ambao mchezaji analazimika kuugusa kwanza. Tuuite mpira wa zamu. Ukigusa mwingine kabla ya huo, ni kosa. Usipogusa chochote, ni kosa. Mpira mweupe ukitumbukia shimoni, ni kosa. Mpira ukiruka ukaanguka sakafuni, ni kosa. Ukipiga ilhali mipira bado inatembea, au ukipiga miguu yako yote miwili ikiwa imeinuka kutoka sakafuni, ni kosa. Wafupi miongoni mwetu wanalijua hili la mwisho vizuri sana, kwani futi 12 si mchezo. Ndiyo maana vikatengenezwa viegemeo vya fimbo vyenye mpini mrefu, ambavyo wengi huviona aibu kuvitumia mpaka siku watakapoinua miguu yote miwili mbele ya watu.

Adhabu huanzia pointi 4 na haipiti 7, na pointi hizo hupewa mpinzani. Katika meza nyingi za mitaani utawakuta watu wakimpunguzia mkosaji badala ya kumwongezea mwenzake. Tofauti kati ya wawili hao haibadiliki, lakini ubao wa hesabu utakuwa umeandika uongo, na baada ya makosa kumi hakuna atakayekumbuka nani alikuwa na ngapi.

Ugumu uko katika kujua ni 4, 5, 6 au 7. Kanuni husema utazame thamani ya mpira wa zamu na thamani ya mpira uliohusika katika kosa, kisha uchukue iliyo kubwa. Ikiwa zote ziko chini ya 4, adhabu ni 4. Kwa hivyo aliyetakiwa kugusa mwekundu akagusa manjano hutoa 4, ingawa manjano ni 2 tu. Aliyetakiwa kugusa mwekundu akaugonga mweusi kwanza hutoa 7. Aliyechagua buluu akatumbukiza mweupe hutoa 5. Na ole wake mwenye shati la mikono mipana au tai inayoning'inia! Nguo ikigusa mpira wowote, ni kosa. Chaki ikidondoka mfukoni ikagusa mpira, pia ni kosa. Tai ikiupapasa mweusi, basi tai hiyo imekugharimu pointi 7.

Jambo jingine linalozua kelele ni mpira uliogusana. Tuseme mweupe umesimama ukiwa umeugusa mwekundu, na zamu ni ya mwekundu. Kanuni humtaka mchezaji apige mweupe kwa kuutoa pale bila kuutikisa huo mwekundu, na huhesabiwa kuwa tayari ameugusa. Hata mweupe ukizunguka meza nzima na usiguse kitu kingine, hakuna kosa. Mtazamaji asiyelijua hili huruka juu akidai pointi 4, na ukimweleza hudhani unampendelea rafiki yako. Kwa upande mwingine, mchezaji akiusukuma mweupe pamoja na huo mwekundu uliogusana nao, hilo ni kosa, hata kama mwekundu utaingia shimoni kwa uzuri namna gani.

Na kuna suala la macho. Chini ya taa hafifu kahawia na nyekundu hufanana kama watoto pacha. Peter Ebdon, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2002, hana uwezo wa kutofautisha baadhi ya rangi, na wala hakuona haya kuuliza mpira upi ni upi. Ikiwa bingwa wa dunia aliuliza, basi mtu wa Chwele hana sababu ya kukisia.

PEMBE ZA NDOVU NA KLABU ZA WALOWEZI

Huenda msomaji ajiulize ni kwa nini mchezo wa matajiri wa Ulaya ukatia mizizi huku chini ya Mlima Elgon. Jibu lina pande mbili, na zote zinavutia.

Kwanza, mchezo wenyewe haukuzaliwa Ulaya. Inakubalika kwamba snuka ilianzia India mwaka 1875, katika kambi ya maafisa wa jeshi la Uingereza mjini Jubbulpore, ambapo afisa kijana aliyeitwa Neville Chamberlain, si yule waziri mkuu wa baadaye, alichanganya michezo kadha ya biliadi wakati wa mvua. Neno lenyewe lilikuwa la dhihaka, likimaanisha mwanafunzi mgeni katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Afisa mmoja alipokosa mpira rahisi, Chamberlain alimwita kwa jina hilo, na jina likabaki na mchezo. Kanuni zake ziliandikwa na kubandikwa katika klabu ya Ootacamund, kusini mwa India, mnamo 1882. Hivyo basi mchezo huu ulianza kwa mtu kuchekwa kwa kukosa. Mashabiki wa Bungoma wasidhani wao ndio waliovumbua kelele.

Kutoka India ulisambaa kila mahali maafisa na walowezi wa Kiingereza walikokwenda. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mji ulikuwa tayari wa wakulima wa Kizungu, pamoja na desturi zao za gofu, tenisi na chumba cha biliadi. Mwafrika katika klabu za aina hiyo aliingia kama mtumishi: mpishi, mfagiaji, mbeba vinywaji. Mlango haukufunguka kwake mpaka karibu na Uhuru wa 1963. Bungoma kwa upande wake ilikuwa katika maeneo yaliyoachiwa Waafrika, nayo haikurithi klabu ya walowezi. Kwa maoni yangu tofauti hii bado inaonekana: wazee wa Kitale huzungumza habari za snuka ya meza kubwa, ilhali vijana wa Bungoma wamelelewa na meza ndogo ya puli, na wakikutana kila mmoja huja na sheria za kwao.

Upande wa pili ni wa zamani zaidi. Kabla ya plastiki, mipira ya biliadi ilichongwa kutokana na pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika Mashariki, zilizopitia Unguja, zilitafutwa sana Marekani na Ulaya kwa vitufe vya piano na mipira hiyo. Misafara ya Waswahili ilifika hadi Mumias, wakati huo ikiitwa Kwa Sundu, kutafuta pembe. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 na kufika kwenye mapango ya Elgon, biashara hiyo ilikuwa imeshamiri. Ndovu wa Elgon, ambao hata leo kizazi chao huingia pango la Kitum kulamba chumvi gizani, yamkini walitoa pembe zilizokuja kugongwa kwa fimbo huko London kabla hata ya Kitale kuwa mji. Uhaba wa pembe ndio uliowasukuma watu kama John Wesley Hyatt wa Marekani kutafuta kitu mbadala katika miaka ya 1860, na leo hakuna ndovu anayekufa kwa ajili ya mpira mweusi.

FUMBO LA KWANZA: “KOSA NA KUKOSA”

Turudi kwenye ule mtego wa lugha. Mchezaji amefichiwa mpira wa zamu. Haoni njia ya moja kwa moja. Kufichana huku ndiko kiini cha snuka. Anajaribu kugonga ukingo wa meza ili mweupe urudi uguse mwekundu, nao unapita kando kwa upana wa kidole. Kosa amefanya, hilo halina ubishi, na mpinzani anapata pointi zake. Lakini je, alijitahidi vya kutosha kwa kiwango chake?

Refa akiona hakujitahidi ipasavyo, hutangaza kosa na kukosa. Hapo mpinzani ana njia tatu. Anaweza kucheza mwenyewe. Anaweza kumwambia mkosaji acheze tena kutoka mipira ilipo. Au, na hili ndilo linalouma, anaweza kutaka mipira yote irudishwe ilipokuwa na mkosaji arudie pigo lile lile. Akikosa tena, anatoa pointi tena na kurudia tena. Katika mashindano makubwa utamwona mtu akipoteza pointi 20 na zaidi akihangaika na tatizo moja, huku refa akitazama picha kwenye skrini ili kuurudisha kila mpira mahali pake.

Ikiwa mpira wa zamu unaonekana wazi, kiasi kwamba mtu aweza kuugonga katikati kabisa, adhabu ni kali zaidi: akikosa mara mbili huonywa, na akikosa mara ya tatu hupoteza fremu nzima.

Kisa cha kanuni hii ni ujanja. Zamani mchezaji mwerevu aliyeona kwamba kuugusa mwekundu kutamfungulia mpinzani njia, aliamua kuukosa makusudi, akatoa pointi 4 na kuuacha mweupe mahali salama. Ilikuwa bei nafuu. Kanuni ilikuja kuipandisha bei hiyo.

Sasa kule Kitale hakuna skrini, na mara nyingi hakuna refa. Ni nani atakayekumbuka mipira 22 ilikuwa wapi hasa? Wako wanaosema kanuni ni kanuni, na kwamba asiyeifuata atakwenda kushindana Nairobi na kuaibika. Wako wanaosema kumrudisha mtu mara nne kwa kukumbuka tu ni kumdhulumu. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, ila kwa sharti moja: mkubaliane kabla ya fimbo kuguswa. Kuibua kanuni baada ya mtu kukosa ni uchokozi.

FUMBO LA PILI: MPIRA HURU

Hili ndilo linalowachanganya hata wale waliocheza miaka kumi. Baada ya kosa, ikiwa mchezaji anayefuata hawezi kuugonga mpira wa zamu pande zake zote mbili kwa njia iliyonyooka, kwa sababu mpira mwingine umezuia, hupewa mpira huru. Maana yake, anaruhusiwa kuuteua mpira wowote na kuucheza kana kwamba ndio wa zamu. Thamani yake nayo hugeuka: akiteua mweusi mahali pa mwekundu, mweusi huo ni pointi 1 tu kwa pigo hilo, sio 7. Wengi hudai 7, na hapo ndipo chaki hutupwa chini.

Zingatia: mpira huru huja baada ya kosa pekee. Mpinzani akikuficha kwa pigo halali, hilo ni tatizo lako, shika fimbo ujikomboe. Isitoshe, hutakiwi kumficha mwenzako nyuma ya mpira ule ule ulioteua kuwa huru. Hilo ni kosa, isipokuwa pale inapobaki waridi na mweusi tu.

Tuone mfano. Tuseme mchezaji wa Kitale anaongoza 62 kwa 32 dhidi ya mwenzake wa Bungoma, myekundu imekwisha na rangi zote sita zimebaki. Tofauti ni 30. Mezani kuna 27 pekee. Watazamaji wengi wa Bungoma huanza kutafuta makoti yao, wakidhani mambo yamekwisha. La! Mtu wa Bungoma anauficha manjano nyuma ya mweusi. Mtu wa Kitale anajaribu kuufikia na hagusi chochote. Hizo ni pointi 4: sasa ni 62 kwa 36. Tofauti ni 26, na mezani bado kuna 27. Akizila zote bila kukosea, Bungoma itashinda 63 kwa 62.

Na je, tuseme baada ya kosa hilo mweupe umesimama nyuma ya buluu, kiasi kwamba manjano inaonekana upande mmoja tu? Anapewa mpira huru. Anateua kahawia, anautia shimoni, anapata pointi 2, thamani ya manjano, na kahawia hurudishwa mahali pake. Sasa ana 38, na rangi zote sita bado zipo. Akimaliza, ni 65 kwa 62. Kwa kanuni hii hii mtu aweza hata kupita 147. Mpinzani akifanya kosa kabla ya mwekundu wowote kuliwa, mpira huru huongeza pointi 1 na rangi moja ya ziada ya 7, na kilele kinakuwa 155.

Mwenye kupenda kuchimba zaidi atauliza kwa nini katika mfano wetu hatukusikia “kosa na kukosa”. Ni kwa sababu Bungoma ilikuwa nyuma kwa tofauti iliyozidi pointi zilizobaki mezani. Hali ikiwa hivyo, na refa akiridhika kwamba mtu hakukosa makusudi, kanuni ya kukosa huwekwa kando. Nimewaona walimu wa hisabati wakikuna vichwa hapa.

MWEUSI WA MWISHO

Kwa wapenzi wa mchezo huu hakuna usiku unaosimuliwa kuliko ule wa fainali ya dunia ya 1985 mjini Sheffield. Steve Davis aliongoza fremu 8 kwa 0 dhidi ya Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini. Taylor akarudi mpaka wakawa 17 kwa 17. Katika fremu ya mwisho Davis alikuwa na 62, Taylor 44, na mezani kulibaki kahawia, buluu, waridi na mweusi. Jumla ya hizo ni 22, tofauti ni 18. Taylor akala kahawia, akala buluu, akala waridi: 59 kwa 62. Ukabaki mweusi peke yake, na yeyote atakayeula ndiye bingwa. Walipishana kuukosa mara kadha, saa sita za usiku zikapita, na watu milioni 18.5 nchini Uingereza walikuwa hawajalala. Davis aliukosa uliokuwa wa kumfaa. Taylor akautia. Katika mashindano yote ya siku mbili alikuwa hajawahi kuongoza mpaka mpira ule.

Kuhusu mweusi wa mwisho pia pana la kujua. Ukibaki peke yake na mtu anaongoza kwa zaidi ya pointi 7, fremu imekwisha. Ikiwa tofauti ni 7 au chini yake, huchezwa, na pointi za kwanza, ziwe za kuula au za kosa, ndizo humaliza mambo. Wakifungana, mweusi hurudishwa kituoni, hurushwa sarafu kuamua nani aanze, na mweupe huchezwa kutoka ndani ya nusu duara.

Afrika nayo haikukosa wake: Perrie Mans wa Afrika Kusini alifika fainali ya dunia mwaka 1978. Na mwaka 2025 taji lilikwenda Uchina kwa mara ya kwanza, kupitia Zhao Xintong.

MEZA INAYOMEZA

Kwa nini basi Bungoma na sehemu nyingi za Kitale watu hucheza puli zaidi? Sababu ya kwanza ni uzito. Meza kamili ya snuka, pamoja na mabamba ya mawe yaliyo chini ya kitambaa cha kijani, hupita tani moja, na huhitaji chumba kikubwa na fundi wa kuisawazisha. Meza ya puli hupakiwa kwenye pikapu na kushushwa mlangoni pa baa.

Sababu ya pili iko tumboni mwa meza. Meza ya sarafu humeza kila mpira unaoingia na haiutoi mpaka ulipie tena. Kwa hivyo snuka haiwezekani juu yake, kwa kuwa rangi lazima zirudishwe. Kanuni za puli zilijengwa kulingana na tumbo hilo: mpira ulioingia umeingia, hata kwa kosa. Mweupe pekee hurudi. Kwa nini? Katika meza nyingi za aina ya Kiingereza mweupe ni mdogo kidogo kuliko mingine, inchi 1 na robo tatu na nusu ya robo dhidi ya inchi 2, basi hupita kwenye mfereji wake. Mtoto akikuuliza, mweleze. Ni somo la sayansi.

Kwa kuwa pointi hazihesabiwi, adhabu katika puli hutolewa kwa zamu. Na hapa hata dunia yenyewe haijaafikiana. Zipo kanuni zinazompa mpinzani zamu mbili, zipo zinazompa pigo moja la bure kisha zamu yake, na zipo zinazomruhusu auchukue mweupe mkononi na kuuweka apendapo. Sasa chukua mtu aliyejifunza kwa kutazama video za Wamarekani kwenye simu, mkutanishe na mwingine aliyejifunzia baa ya karibu na stesheni ya Bungoma, halafu weka kati yao mweusi mmoja. Sina haja ya kumalizia. Baa zenye busara huandika sheria zao ukutani kwa chaki, mistari minne mitano, na mabishano hupungua mno.

Wazazi wana lao pia. Tangu sheria ya vileo ya 2010, inayojulikana zaidi kama sheria ya Mututho, baa huruhusiwa kufunguliwa kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na walio chini ya miaka 18 hawatakiwi humo kabisa. Meza nyingi zimo baani. Kijana wa sekondari mwenye kipawa cha kulenga na kupiga hesabu hana pa kujifunzia penye mtu wa kumrekebisha. Ni hasara, nami sioni kwa nini meza moja isiwekwe katika ukumbi wa kijamii, mbali na chupa.

Kinachonifurahisha zaidi katika snuka ni desturi moja ambayo haitegemei refa wala skrini. Mchezaji wa kweli akigusa mpira kwa kidole au kwa nguo na hakuna aliyeona, husimama wima na kujitaja mwenyewe. Wamefanya hivyo mabingwa katika fainali zenye pesa nyingi. Katika miji yetu, ambako refa ni yule aliyemaliza soda yake kwanza, desturi hiyo ina thamani kuliko kitabu kizima cha kanuni. Wazee wa Kitale huishika sana. Anayejitaja hupigiwa makofi, naye anayeficha hukosa wa kucheza naye Jumamosi inayofuata.

Nikuachie fumbo la kutatua nyumbani mkingoja chakula. Mweusi umebaki peke yake. Kitale ina 60, Bungoma 53. Mtu wa Bungoma anapiga pigo la ajabu kutoka mwisho wa meza, mweusi unaingia shimoni, wenzake wanarukaruka kwamba sasa ni 60 kwa 60 na sarafu irushwe. Lakini mweupe haujasimama. Unatembea polepole, unagusa ukingo, unaelekea kona ya mbali, unasita mdomoni mwa shimo, kisha unatumbukia.

Jibu: pointi 7 kwa Kitale. Ni 67 kwa 53, fremu imekwisha, na Bungoma hulipia meza.